Kalenda ya Saruji

Sisi ni pacha. Opio alitangulia,
mimi Adongo nikafuata, uzi nyuma ya sindano.

Utotoni pumu ilikuwa yake.
Mimi nilikuwa mshika taa, mleta maji,
mpiga ukunga wa usiku: Mama, Opio anapiga filimbi tena!
Alikaa magoti kifuani,
mabega yakipanda na kushuka, mvukuta wa mhunzi,
nami kwa ujinga wa miaka tisa
nilivuta pumzi mara mbili,
moja yangu, moja ya kumgawia.

Kisha sauti yake ikavunjika.
Likizo ya darasa la saba alirudi na ngurumo kooni
na ndevu tatu, alizozihesabu mbele ya wageni,
na pumu ikafungasha bila kuaga.

Haikwenda mbali.
Ilivuka tu ukuta wa udongo kati ya vitanda vyetu.
Mwezi niliovunja ungo,
shangazi akinifundisha kukunja kitambaa
na kufunga mdomo,
nilisikia filimbi gizani.
Nikamtazama Opio.
Opio alikuwa ananitazama mimi.

Yalisemwa mengi. Vumbi la kiwanda:
kweli, Tororo yetu kila jani limepakwa poda.
Moshi wa jikoni. Jicho la mke wa baba mdogo.
Pacha hugawana, walisema wengine,
zamu yako imefika, lipa.

Nikalipa. Nikaolewa Malaba.
Mimba ya kwanza nilipumua
kama niliyeketi kileleni mwa Mwamba, upepo wote wangu.
Ya pili nililala nimekaa, miezi minne,
mume akinihesabia malori yaliyosubiri mpakani
ili nipate usingizi.
Alipofika mia mbili na kumi, alilala yeye.

Ni muuguzi Nyaketcho aliyeuliza
lile swali ambalo kwa miaka ishirini
hakuna koti jeupe lililoniuliza.
Si umekula nini. Si umelala wapi.
Huanza lini?

Akanipa kalamu mbili,
nyekundu ya damu, buluu ya kifua.
Kalenda nilikuwa nayo, ya kiwanda cha saruji,
mwanamume akicheka na mfuko begani.
Nikamchafua miezi mitano.
Februari, Machi, Aprili:
buluu ilitangulia nyekundu kwa siku tatu,
kila mwezi, kama mbuzi anayejua njia ya kisima.

Alichora nyuma ya risiti yangu ya maabara.
Estrojeni, projesteroni. Hupanda, hushuka,
na zikishuka, kwa baadhi yetu, mirija ya hewa huvimba,
hugombana na vumbi ambalo juzi ililikaribisha.
Testosteroni ya ndugu yako
inaelekea huwatuliza askari wa mwili
wasimpigie yowe kila mgeni.
"Inaelekea," alirudia, akiinua kalamu.
"Bado wanatafuta. Sisi tulichelewa kuulizwa."

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Deni lile lote. Kumbe nilikuwa nalipa
hesabu iliyokuwa ndani ya damu yangu.
Sasa siku ya ishirini na nne
navuta dawa kabla ya filimbi,
na filimbi mara nyingine hupita mlango wa jirani.

Opio yeye hupakia saruji. Bila kitambaa puani:
pumu, asema, ni ya watoto na wanawake.
Lakini Jumapili nilimwona akifunga kamba za viatu,
akapumzika baada ya kiatu cha kwanza.
Nikamburuta kwa Nyaketcho.
Akapuliza kile kibomba, uso ukamwiva,
na kishale kikasimama chini ya changu.
Hakuna aliyesema kitu. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma.
"Homoni," muuguzi alisema hatimaye, "haifui saruji."

Jioni nilinunua kalamu ya tatu, ya kijani.
Akaigeuza vidoleni kama kitu cha kuokota.
"Mimi sina mwezi," alisema.
"Una zamu," nikamwambia. "Andika."