Tiketi Nne, Kiti Kimoja

Zawena wa jikoni hospitalini ndiye aliyenifundisha:
usiinunue safari nzima, inunue kwa mafungu,
kama dagaa.
Leeds hadi York, tiketi yake.
York hadi Newcastle, yake.
Newcastle hadi Berwick, kisha Berwick hadi Edinburgh.
Treni ni ileile, kiti ni kilekile, huinuki hata kidogo,
ila ukijumlisha unabakiwa na pauni ishirini na sita.
Nikamuuliza inakuwaje.
"Hata mimi sijui," akasema, akarudi kwenye masufuria.

Chai nimeibeba kwenye chupa. Mayai mawili ya kuchemsha,
chumvi ndani ya karatasi iliyokunjwa,
na mkate wa kumimina wa Biubwa, mzima, ndani ya kitambaa.
Huo haugusiki.
Toroli la vitafunio linakuja. Kahawa, pauni tatu na nusu.
Nageukia dirishani mpaka lipite,
kama mtu aliyemwona anayemdai.

York. Watu wanashuka.
Mimi nashuka kwenye karatasi tu:
ya kwanza naiweka chini, ya pili inapanda juu.
Mkaguzi, kijana mwenye hereni moja,
anazitandaza kiganjani kama mcheza karata,
ananitazama, anaguna, anazitoboa zote.
Sijavunja sheria yoyote
lakini moyo unanidunda hadi Darlington.

Tangu shuleni waliniita mkono wa birika.
Sikatai. Nina daftari.
Kila peni niliyoikwepa imo humo:
mwavuli nilioacha kuununua, nikalowa;
basi nililolitazama likiondoka, nikatembea, soli ikaisha
(hiyo soli sikuiandika).
Pesa hizo zimeezeka nyumba ya mama.
Zimemsomesha Hamisa hadi kidato cha sita.
Sizisimangi.

Baada ya Newcastle bahari inajitokeza mkono wa kulia,
rangi ya sufuria lililosuguliwa sana.
Na hapo, sijui nini kilinituma,
nikalifungua daftari kurasa za mwanzo.

"Edinburgh, Idi. Sikwenda. Nimeokoa pauni 78."
Mwaka uliofuata: "Biubwa kajifungua. Sikwenda. 83.
Kutoa zawadi, posta, 9. Salio 74."
Kisha "Sikwenda," na "Sikwenda," na alama ya vilevile,
miaka saba, mwandiko mzuri, mistari imenyooka,
hakuna hata pa kufuta.
Nikaanza kujumlisha kwa kidole
kwenye ukungu wa kioo.
Niliacha kabla ya jibu.

Ni saa tatu kutoka Leeds. Saa tatu tu, jamani.
Hata yai la pili sijalimenya.

Berwick, daraja refu, mto chini, tiketi ya nne.

Biubwa amevaa miwani siku hizi.
Hakusema neno, alinikumbatia mpaka mkate ukabonyea.
Nyuma yake mvulana ninayemjua kwa picha,
pengo mbele, na Kiswahili chake
kila penye r anaikokota kama watu wa huku.
"Tuchukue teksi," akasema Biubwa.
"Tutembee," nikasema. Mdomo una mazoea yake.
Upepo ukapita mara moja katikati yetu.
"Haya," nikasema. "Teksi."

Ndani, nikiwa nayakodolea macho yale mashine ya nauli,
mtoto akapekua mfuko wa koti langu,
akazitoa, akazipanga pajani,
moja, mbili, tatu, nne.
"Mama mkubwa, leo umekuja mara nne?"

Ndiyo, nikamwambia. Mara nne.
Bado nadaiwa tatu.