Kitundu Nyasini

Kazi yangu si kubwa. Nasimama nyasini,
nje kidogo ya tao la mita themanini,
kigingi mkononi, macho juu.
Ncha ya mkuki inapogusa, ndipo ninapochoma.
Wengine wanapima, wengine wanaandika,
mimi naonyesha mahali.

Gateshead, Agosti, saa moja jioni, na jua bado lipo
kama mgeni aliyemaliza chai na hataki kuaga.
Upepo unapanda na mto Tyne
ukileta harufu ya mvua na viazi vya kukaanga.
Koti la uamuzi limenizidi mikono;
lilikuwa la mtu aitwaye Gordon,
jina lake bado limo kwenye kola.
Kesho alfajiri nina zamu, mashuka ya hospitali.

Walikuja kumi na wawili.
Mfini mmoja, ndevu rangi ya mtama,
aliunong'oneza mkuki kabla ya kukimbia
kama anayempa mtoto nauli na maagizo.
Mjerumani alipiga ukelele baada ya kurusha,
kana kwamba mkuki ni punda aliyegoma njiani.
Yule wa Trinidad hakusema kitu.
Alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga.

Na Simotwo, wa kwetu,
bega limebandikwa plasta za bluu.
Niliapa kutopendelea. Mdomo uliapa.

Wa kwanza, sabini na tisa.
Wa pili ulianguka ubavu, ukalala
kama fimbo ya mchungaji aliyesinzia.
Wa tatu, themanini na mbili na vidole kadhaa.
Wa nne aliuacha upite.
Wa tano, sijui, upepo ulimgeuka.

Wa sita
sikumwona akikimbia. Toka kule hatuwaoni vizuri,
ni kijiti tu kinachokuja, kinapishanisha miguu, kinajipinda.
Mkuki ulitoka ndani ya jua.
Ukapanda hadi nikadhani umesahau kushuka.
Mnaujua mlio wake? Jukwaani hausikiki.
Unavuma kwa puani, nyuki ndani ya gunia,
mkia ukicheza, ncha ikinusa chini,
nami nikarudi nyuma, nikarudi,
Maureen akipiga kelele nirudi zaidi,
ukasimama ndi!
mkia ukiendelea kusema hapana, hapana, hapana.

Nikakimbia, nikachoma kigingi.
Hatua nne mbele ya kile cha Mfini,
nne kamili, na miguu yangu si mifupi.
Kisha nikageuka, na kule mbali, kwenye mstari mweupe,
kidoa chekundu, kimeinuliwa.

Kidole cha mguu. Si mguu, kidole.
Kuteleza si kuanguka, tunasema.
Bendera haikufunzwa methali.

Mrusho uliokosewa haupimwi.
Mashine iligeuzwa shingo kando,
na Maureen akaniambia, kwa upole, ng'oa.
Kigingi kilitoka na udongo mweusi mdomoni
kama mtu aliyekatizwa akila.
Kitundu kikabaki. Nilikikanyaga kwa kisigino, si sana.

Medali zilivikwa. Mfini alilia, ndevu zikalowa.

Saa nne usiku, langoni, Simotwo ameketi juu ya begi
akibandua plasta, taratibu, kama anayefungua barua.
Nikamsalimu kwa Kiswahili. Kichwa kikainuka.
"Wewe ulikuwa wapi?"
"Pale ulipoangukia."
Hakuuliza kwetu wapi, wala nimefuata nini Uingereza.
"Ulipita?"

Mita sikuwa nazo.
Nikamwomba akae hivyo hivyo, awe kigingi cha Mfini,
nikahesabu juu ya lami, chini ya taa:
moja, mbili, tatu, nne.
Nikasimama, nikageuka.

Aliitazama ile nafasi muda mrefu,
lami tupu, kizibo cha chupa, maji kidogo.
Kisha akanyanyuka, akaivuka,
akasimama kando yangu, begi begani.
"Kuna baridi huku," akasema.