Vita vya Panzi

Mundhir wa Al-Khuwair ameandika programu
inayopanga madirisha ya kompyuta kama vigae vya bafuni:
hakuna linalolalia jingine, hakuna mwanya.
Shamsa, jengo lilelile, ghorofa ya juu yake,
alicheka hadi akamwaga kahawa.
"Madirisha hayo, au watoto wa chuoni mbele ya fimbo?"
Yake yanaelea, yanapandana, yanavutwa kwa kipanya.

Nje nyuzi arobaini na sita. Hatoki mtu.

Jumatatu Mundhir anajigamba: yangu inakula megabaiti kumi na mbili.
Jumatano, Shamsa: tisa.
Alhamisi usiku taa ya Mundhir haikuzimwa.
Msimbo wa Shamsa uko wazi kwa yeyote;
akausoma mstari kwa mstari, kama anayefunua sufuria ya jirani,
akachota hila moja, akaandika pembeni: nimeitoa kwake.
Saba.
Shamsa naye akavichukua vigae, akavifundisha kutii kipanya.
Hakuomba radhi. Jina la Mundhir akaliweka,
kwa herufi ndogo.

Sasa hawasalimiani kwenye lifti.

Nami wa ghorofa ya chini, karani wa duka la vipuri Ruwi,
na kompyuta yangu kuukuu iliyokuwa ikikoroma
kwa ankara mbili tu,
leo nimefungua kumi na moja na haikukohoa.
Vita vya panzi… methali naimalizia moyoni,
nikimtazama kunguru juu ya kiyoyozi cha jirani.
Mungu awape afya wote wawili.
Wasipatane upesi.