Kijiko

Jumamosi asubuhi, Mtoni Kijichi.
Madawati yamesukumwa ukutani,
na sisi makocha ishirini na mmoja,
vitambi mbele, filimbi shingoni,
tumepiga magoti kama wadaiwa
mbele ya mwanasesere asiye na miguu.

Nesi Tumpe hana maneno mengi.
"Kiganja hapa, katikati ya kifua.
Mikono inyooke. Sukuma.
Kwa nguvu, mwalimu, huyo si chapati."
Tunacheka. Tunahesabu kwa sauti
hadi thelathini,
kisha pumzi mbili,
kisha tena, hadi jasho ladondoka
juu ya uso wa plastiki usiofumba macho.

Mwalimu Mbelwa, mrusha tufe enzi zake,
mzunguko wa nne yu hoi.
"Ndiyo maana tunapokezana," anasema nesi.
"Moyo wa mtoto haukusubiri unywe maji."

Pua ikitoka damu, kichwa kiiname mbele,
si kutazama dari, kama bibi zetu walivyotuambia.
Aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku hiyo,
hata iwe fainali, hata alie,
hata baba yake awe amekaa na diwani.
Ninaandika. Kalamu inakwenda vizuri
mpaka anapofika kwenye kifafa.

"Usimbane. Sogeza mawe, sogeza viti.
Tazama saa. Akitulia, mlaze ubavu.
Na mdomoni tunaweka nini?"

Kimya.
Feni inazunguka kwa kukwaruza.
"Kijiko," ninasema mimi, nikijua sicho.

Februari, miaka tisa iliyopita,
mita mia nane, jua la saa saba mchana,
Pazi wa darasa la sita aliongoza hadi kona ya mwisho
akaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba.
Mimi ndiye niliyepiga kelele: leteni kijiko!
Mpishi wa uji akakimbia nacho.
Watu wanne tulimkalia.
Kiatu puani, maji usoni, dua masikioni,
na kijiko nilikishindilia mimi, kwa mkono huu
unaohesabu thelathini leo.
Jino la mbele likabaki kiganjani mwangu,
dogo, kama punje ya hindi.

Alipozinduka aliniuliza, "Nimekuwa wa ngapi?"
Mama yake alileta mkungu wa ndizi, kunishukuru.
Tulizila wiki nzima nyumbani kwangu.

"Hakuna kitu mdomoni," anasema nesi, taratibu,
kama anayefunga kidonda. "Hakuna. Andikeni."

Jioni wenzangu wanapiga picha na vyeti.
Mimi nimeomba viroba sita vitupu kwa muuza saruji,
nimerudi shuleni peke yangu.
Goli la chuma limesimama bila kushikwa na kitu,
ukiliegemea linayumba.
Watoto huning'inia hapo kila siku,
nami miaka yote nimewapulizia filimbi wao,
goli sikuligusa.

Ninachota mchanga. Ninashindilia.
Kiroba cha sita kinajaa giza likiingia.

Pazi siku hizi anachonga funguo Rangi Tatu.
Akicheka hufunika mdomo.
Kesho nitapita kwake.
Sijui nitaanzia wapi.
Pengine kwenye lile swali lake,
ambalo hadi leo sikulijibu.