Inavuta Kushoto

Fundi Lushinge anagonga chesisi kwa nyundo ndogo
kuanzia mbele: ti, ti, ti,
chuma kizima kinaitika.
Nyuma, jirani na gurudumu la kushoto: pu.
Ananitazama. Hasemi.

Landirova ya baba, ya mwaka sitini na nane.
Iliteleza ikipanda kivuko pale Kamanga
na marobota mawili ya pamba mgongoni;
tangu siku hiyo kiuno kimeteguka.

"Kunyoosha naweza," anasema hatimaye,
"ila kwa hela hiyo unapata ng'ombe wanane,
na kutu haina shukrani."
Mvua ya ziwani inapiga mabati ya Igogo.
Nahesabu. Narudia kuhesabu.

Mama kaingia na kanga iliyolowa kichwani.
Hakuuliza bei.
Kafungua mlango wa abiria, kaketi,
miguu juu ya sakafu yenye tundu.
"Ilikuwa inavuta kushoto," kasema.
"Njia nzima hadi Magu baba yako anairudisha,
nayo inakuja tena,
upande wangu."

Lushinge anangoja, nyundo mkononi.
Choma ule ufa, namwambia.
Kunyoosha, acha.