Kilicho Changu

Lusubilo fundi atakuja saa nne.
Mimi nimeamka saa kumi na moja,
Tukuyu ikiwa imejifunika ukungu hadi puani,
na laptopu, ikiwashwa, inakohoa feni
kama mzee aliyeamshwa kabla ya jogoo.

Jana alisema: "Mama Sekela, tunaifuta yote,
inarudi kama ilivyotoka dukani.
Kilicho chako, kitoe."

Kilicho changu.

Naanza na cha watu: kilo za majani ya chai,
mkulima kwa mkulima, tangu mwaka wa mvua ya mawe.
Hesabu mwisho.
Hesabu mwisho kabisa.
Hesabu mwisho kabisa usiguse.
Nazinakili zote tatu; sikumbuki ipi haikuguswa.

Halafu harusi ya Tumpe, hema limewalalia wageni,
hati ya shamba la Masoko yenye duara la kikombe,
sauti ya Ambakisye akiwa na miaka minne
akihesabu ndizi, akiruka saba.

Asilimia sitini na moja.
Umeme unapepesa jicho. Naziba mdomo
kana kwamba pumzi yangu ndiyo iliyoshikilia waya.

Mama hakujua kompyuta.
Lakini mahindi ya mbegu aliyatundika juu ya mafiga,
yafukizwe moshi, dumuzi ayakimbie,
na fungu jingine akalipeleka kwa mdogo wake.
"Nyumba," alisema, "huungua bila kupiga hodi."

Ndiyo maana nina diski mbili:
moja itakaa kabatini, chini ya mashuka,
moja itateremka Kyela kwa dada,
imeviringishwa kwenye khanga kuukuu.
Nazifungua zote, picha moja moja,
maana nakala isiyofunguliwa ni ahadi tu.
Namba ya leseni nimeiandika nyuma ya kalenda.

Limebaki faili moja, halina jina la maana:
Hati 1. Machi, mwaka juzi, saa nane usiku.
Barua ya kurasa mbili kwa mume wangu.
Sikuichapa.
Chumba cha pili anakoroma
taratibu, kama mtu asiyedaiwa.

Kuiacha ni kuifuta.
Kidole kimekaa juu ya kitufe
hadi kioo kikajizima chenyewe kwa kuchoka.

Lusubilo anagonga, buti zimejaa tope.
"Umetoa vyote?"
"Vyote."

Diski ya kabatini haina barua.
Ya Kyela inayo.