Hodi ya Saa Nane

Waliniamsha wakiwa wamekwisha maliza.
Hilo ndilo la kwanza, na lieleweke hivyo.
Mjumbe huitwa kabla mlango haujafunguliwa,
si baada ya godoro kupasuliwa.

Keko Machungwa, saa nane usiku.
Mvua ilikuwa imeacha vidimbwi uchochoroni
na mtoto wa Lipungu alisimama ndani ya kimoja,
peku, kashika daftari la hisabati, sijui kwa nini.

Askari wanne. Mmoja namjua, Kobelo,
alisoma na mwanangu.
"Shikamoo, mama," akaniamkia kwa adabu zote,
buti lake limekanyaga mto wa kulalia wa watu.
Marahaba.

Ndani sufuria zimefunuliwa, hata ile ya kiporo.
Sanduku la Somoe limemwagwa,
nguo zake za ndani juu ya zulia,
na mwenyewe ameupa ukuta uso.
Unyumba wa mtu umeanikwa
kama dagaa.

"Hapa tu, mama. Saini yako."
Karatasi imejaa tayari, wino umekauka:
mbele yangu mimi shahidi pamepekuliwa, na kukutwa…

Nikatafuta miwani. Nilichelewa makusudi.
"Ya hakimu iko wapi?"
"Ipi?"
"Karatasi. Inayowatuma."
"Tulikuwa na haraka, mama. Mtuhumiwa angekimbia."
"Hemedi? Na mguu ule?"
Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Mimi sheria sikuisomea.
Niliisikia kwenye semina Temeke, tukapewa soda na Katiba ndogo;
ibara ya kumi na sita nikaikunja ncha.
Lakini kabla ya kitabu, bibi yangu, kule Rufiji,
alinifunza kwamba hodi ni tatu.
Ya kwanza, mwenye nyumba ajue kuna mtu.
Ya pili, ajisitiri.
Ya tatu, aamue.
Usipoitikiwa, geuza miguu yako,
hata kama ndani unasikia watu wanacheka.

Sasa karatasi ya hakimu ni nini,
kama si hodi ya serikali?
Serikali nayo ina mkono wa kubishia.
Mbona inatumia bega?

Hayo sikuyasema. Koo lilikuwa limekauka.
Nilisema jambo dogo tu:
"Andikeni nilichokiona."

Simu kumi na moja, tisa hazina betri.
Bisibisi mbili, ya nyota na ya bapa.
Kopo la biskuti, ndani skrubu zilizochambuliwa kwa ukubwa
kama mchele wa mgonjwa.
Shilingi elfu thelathini na mbili na mia tano
zilizofundikwa pindoni mwa kanga.
"Kanga ya mke, afande. Si ya mtuhumiwa. Andika."
"Na saa. Andika nilifika mwisho."

Kobelo akaandika. Mkono wake mzito,
kama wa mtoto anayeandikishwa adhabu.
Nikatia saini chini ya maneno hayo,
si chini ya yale ya kwanza.

Walimchukua. Siwezi kusema nilimwokoa.
Alirudi siku ya tano, na simu sita.
Pesa ya kanga kituoni hakuna aliyeikumbuka,
lakini Somoe anayo nakala, kaikunja mara nne,
na kila Jumatatu anakwenda nayo kaunta
akiwa amevaa kanga ileile, pindo likiwa tupu.

Mtaani sasa naitwa Mama Andika.
Wengine kwa heshima. Wengine hawanisogelei,
wanasema nitawaletea balaa.

Juzi usiku nilisikia hatua mlangoni kwangu mwenyewe.
Nikaketi kitandani, nikaigusa miwani gizani.
Sauti ya kiume ikasema, hodi.
Nikangoja ya pili.